Bondeni Hawamo kwenye Jibu

Kila asubuhi duka la rangi lilifunguliwa kabla mafundi ujenzi hawajaanza kazi. Mwenye duka, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alifuta mashine ya kuchanganyia, akapanga makopo na kuweka kadi ya rangi penye mwanga. Mama yake aliketi nyuma ya kaunta akimenya viazi vya mchana. Bibi huyo alikuwa mtu wa Bondeni, na hakumruhusu yeyote asahau. Viazi alivihesabu kwa lugha ya Bondeni. Wajukuu aliwakaripia kwa lugha hiyo hiyo. Alisema kwamba kwa lugha nyingine maneno hayachomi vizuri.

Mjini walibaki wachache wanaoijua lugha hiyo sawasawa. Kwa hiyo maktaba ilimwomba aende kurekodiwa sauti akieleza maneno, masimulizi na majina ya mimea. Bibi alikubali. Tangu hapo alitembea kama mtu aliyepandishwa cheo.

Kisha majibu ya Fundi yakafika kwenye simu. Binti yake alikuwa amempa zawadi ya kipimo cha asili, cha kujua ukoo wa mtu umetoka wapi. Fundi alitema mate kwenye kichupa, na kichupa kikapelekwa kwenye kampuni. Huko walisoma vinasaba vyake, yaani maagizo ya mwili ambayo kila mtu hurithi kutoka kwa baba na mama. Jibu lilisema: watu wa Mlimani, asilimia 52, watu wa Ziwani, asilimia 48. Bondeni hawakutajwa.

Fundi hakuuliza kitu. Kwake asilimia ni kipimo cha kazi. Kopo likiandikwa sehemu kadhaa za bluu, hizo ndizo zilizomiminwa, basi. Baba yake alikuwa wa Mlimani, hilo lilijulikana. Nusu iliyobaki ilitoka kwa mama, na jibu lilisema Ziwani.

Alilitangaza hilo mezani kwa sauti ya mtu anayesoma bei.

"Mama, kumbe sisi si watu wa Bondeni. Hamna hata tone."

Mkewe alimkanyaga mguu chini ya meza, lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Bibi aliuliza ni nani aliyesema hivyo. Akaonyeshwa simu. Aliitazama, akairudisha, akasema chakula kimezidi chumvi.

Kesho yake alimenya viazi bila kuvihesabu. Wajukuu walivunja glasi, naye akawakaripia kama bibi mwingine yeyote. Jioni alimwambia mkwewe awajulishe watu wa maktaba kwamba haendi.

"Watafute mtu wa Bondeni wa kweli. Mimi siwezi kuwasemea watu ambao si wangu."

Mkwewe hakubishana naye. Alipanda ghorofani kumwita jirani aliyefanya kazi kwenye maabara ya vinasaba ya chuo. Jirani alishuka dukani, akamwamkia Bibi, akasikiliza habari yote. Kisha alimwomba Fundi atafute kwenye simu orodha ya makundi ambayo kampuni ililinganisha nayo. Fundi aliisoma yote. Mlimani walikuwemo. Ziwani walikuwemo. Bondeni hawakuwemo kabisa.

Jirani akaokota kipande cha plasta ya ukuta chenye rangi, ambacho mteja mmoja alikuwa amekiacha kwenye kaunta.

"Rangi ya hii utaijuaje?"

"Naiweka kwenye kadi, natafuta inayofanana nayo."

"Na kama haimo kwenye kadi?"

"Nachukua inayokaribia."

"Kwa hiyo ukuta wa mteja hauna rangi yake?"

"Unayo. Kadi yangu ndiyo haijatimia."

Jirani alieleza kwamba kipimo cha asili hufanya kazi hivyo. Fundi akichanganya rangi, anajua alichomimina. Lakini mchanganyiko wa vizazi hakuna aliyeuona. Maabara huchukua vipande vya vinasaba na kuvilinganisha na vya watu wa leo ambao asili yao inajulikana. Mara nyingi ni watu ambao babu na bibi zao wote walizaliwa sehemu moja. Kila kipande huhesabiwa kwa kundi linalofanana nacho zaidi. Asilimia zinazotoka ni makadirio. Kundi lisipokuwemo, vipande vyake huhesabiwa kwa kundi linalokaribiana nalo. Watu wa Bondeni na wa Ziwani wameoana kwa vizazi vingi, kwa hiyo wanafanana sana.

"Na lugha yangu?" Bibi aliuliza.

"Lugha haimo kwenye mate, Bibi. Ulifundishwa na wako. Hakuna maabara ya kukunyang'anya."

Kisha akaeleza kuwa chuo kilikuwa kinatafuta wazee wa Bondeni wa kuchangia mate kwa hiari. Bibi hakukubali papo hapo. Aliuliza nani atayatunza, kama yatauzwa, na kama anaweza kujitoa. Jirani alijibu moja moja. Jina lingeondolewa na kuwekwa namba. Sampuli haziuzwi. Kujitoa kunaruhusiwa, ila utafiti uliokwisha kuchapishwa haurudi nyuma. Akaongeza kuwa vinasaba vya mtu mmoja huwasemea na ndugu zake, kwa hiyo ni vizuri kuwashirikisha kwanza.

Bibi aliwashirikisha. Alikwenda chuoni na dada zake pamoja na wazee wengine wa Bondeni, wamevaa kama wanaokwenda kupokea tuzo. Fundi alimwomba radhi njiani. Bibi alimtaka aombe kwa lugha ya Bondeni, na kila alipoboronga alimrudisha mwanzo.

Maktabani nako alikwenda, bila kusubiri majibu. Alizungumza mpaka mrekodi akaomba kupumzika.

Kundi la Bondeni lilipokamilika, maabara ya chuo ililinganisha upya vinasaba vya Fundi, kwa idhini yake. Safari hii jibu lilisema Mlimani 51, Bondeni 43, Ziwani 6. Jirani alikumbusha kuwa bado ni makadirio, na kwamba yatasogea tena watu wakiongezeka.

Fundi alimsomea mama yake jibu lote mbele ya wateja, akirudia neno Bondeni ingawa hakuombwa. Wateja walimpongeza Bibi kwamba sasa amepatikana.

"Mimi sikupotea," Bibi alisema. "Hao wenye kipimo ndio wamefika leo."