Ngazi ya Tano

Jumatatu asubuhi, Ketsia alipofungua wimbo kwenye kompyuta yake, aliona ngazi tano. Yeye alikuwa ameandika nne.

Alihesabu tena kwa kidole. Soprano juu, alto chini yake, kisha tenor, kisha bass, kila sauti na ngazi yake ya mistari mitano. Chini ya bass sasa kulikuwa na ngazi nyingine, haina jina pembeni. Ndani yake hamkuwa na nota hata moja, ila alama za kimya, moja kwa kila kipimo, zimepangwa vizuri kuliko yeye mwenyewe angezipanga.

Alidhani mkono wake ulikosea. Aliifuta, akahifadhi, akafunga. Alipofungua tena ilikuwepo, na chumbani mlikuwa na harufu ya matope ya ziwa, matope yale meusi yanayoshika chini ya mitumbwi inapovutwa mchangani. Dirisha lilikuwa limefungwa. Nyumba yao iko juu, mbali na maji, na hata samaki hawakuwa wamepika tangu Jumamosi.

Wimbo wenyewe ulikuwa wa mama yake, Immaculée. Akina mama wa ukoo wake huuimba ufukweni, ziwa likimchukua mtu na kukataa kurudisha mwili. Jumapili iliyofuata kanisa lao mjini Baraka lilitaka kuwaombea waliozama mwaka jana kwenye mtumbwi wa injini, na kwaya za Nundu, Mboko na Kazimia zilikuwa zimealikwa kuimba pamoja. Kwa hiyo Ketsia, ambaye alijifunza programu ya kuandikia nota alipokuwa chuo kikuu Bukavu, alipewa kazi ya kuuandika wimbo uonyeshwe ukutani kwa projekta.

Wiki iliyopita alimrekodi mama yake uani, akichambua maharagwe. Mama aliimba vizuri mpaka mwisho, akafika kwenye nota ya si, hatua moja kabla ya do, akafunga mdomo.

"Mama, na mwisho?"

"Njo mwisho ile."

"Haiishi. Iko inabakia do."

"Ile inabakia haiko yetu. Tunanyamaza, tunapatia maji mugongo, tunarudia nyumba. Andika vile nimeimba."

Ketsia aliandika vile. Mahali palipobaki, programu yenyewe ilijaza alama ya kimya. Lakini Henri, kiongozi wa kwaya, alipoona karatasi alicheka kwa pua.

"Ulisoma Bukavu miaka yote ile, unatuletea wimbo wenye kukatika kama courant ya umeme?"

"Mama anasema njo vile iko, papa Henri."

"Mama yako iko anasahau. Na bageni ba Nundu bataona pa ukuta kwamba Baraka hatujue kufunga wimbo. Weka do."

Angeweza kukataa. Ila kipimo kile kitupu kilikuwa kinamwasha na yeye pia, kama punje ya mchanga ndani ya jicho. Aliweka do kwa sauti zote nne, akachora mistari miwili ya kufungia, akaituma karatasi kwa viongozi wa kwaya zote kwenye simu. Mama yake hakuambiwa.

Siku ile ya ngazi ya tano, alasiri, kwaya ilikutana kanisani. Walifunga mapazia, wakatundika shuka jeupe, na nota zikatokea kubwa, nyeusi. Ngazi ya tano ilitokea nazo.

"Hii ya chini ni ya nani?" Henri aliuliza.

"Ni kosa. Nitaifuta."

"Ungeifuta mbele ya kuja."

Fanny, rafiki yake wa alto, alimnong'oneza: "Umuache. Jana pia alinigombeza eti napumua mbele ya mukono wake."

Waliimba. Walipofika mwisho, do ilikaa mahali pake, pana na tamu, na Ketsia alisikia raha mwili mzima. Henri alifunga ngumi kuonyesha basi. Wote wakanyamaza. Do iliendelea.

Ilitoka chini ya sauti za bass, chini ya sakafu, haikuwa na pumzi ndani yake, na ilikaa muda mrefu kiasi kwamba waimbaji walianza kutazamana midomo, kila mmoja akitafuta ni nani bado ameufungua.

"Nani iko anafanya sauti ya ngombe?" Fanny alisema, na wachache wakacheka.

"Turudilie," Henri akaamuru.

Waliporudia, katikati ya mstari wa pili, alto ilipungua. Ketsia aligeuka. Fanny alikuwa ameufungua mdomo, shingo imekaza, na hakuna kilichotoka. Kisha mtu wa nyuma akaonyesha ukutani. Nota za alto zilikuwa zinashuka, moja moja, kama sisimizi wanaoteremka ukuta, zinapita tenor, zinapita bass, zinaingia kwenye ngazi isiyo na jina na kukaa pale, na mahali zilipotoka palikuwa panajaa alama za kimya.

Waliobaki waliimba kwa mazoea tu mpaka do. Hapo mlango ukafunguliwa. Mama yake alisimama na kikapu cha mihogo, ametoka shambani, tope bado kwenye miguu.

"Ketsia," alisema, "nani alifunga wim—"

Neno halikuisha. Alishika koo. Ukutani, ngazi ya soprano, iliyoandikwa kutoka sauti yake, ilikuwa tupu.

Usiku Fanny alipelekwa kituo cha afya. Asubuhi alikuwa anapumua kama mtu aliyevutwa kutoka majini, kwa mikoromo, ingawa muuguzi alisikiliza kifua na kukikuta kikavu. Ilianza na sauti, ikafuata pumzi. Ketsia alirudi nyumbani mbio kumwangalia mama yake. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti, mikono magotini, na mikoromo ile ile ilikuwa imeanza.

Kompyuta ilikuwa mezani, imefungwa, betri imekwisha tangu jana. Jua la mchana liliingia mlangoni mpaka katikati ya chumba, nje jirani alikuwa anatwanga sombe, majani ya mihogo, na katika mchana ule wa kawaida kabisa kompyuta ikaanza kuimba. Haikuwa ile sauti ya bandia ya programu. Ilikuwa sauti ya Immaculée, na mikwaruzo yake midogo ya kuamka, na namna yake ya kuvuta pumzi kabla ya mstari wa tatu, ikiimba soprano kutoka mwanzo, polepole, huku Immaculée mwenyewe amekaa mbele yake mdomo umefungwa, macho yamemtoka, anajisikiliza, na kila sauti ile ilipovuta pumzi kifua chake yeye kilishuka kidogo na hakikupanda tena pale kilipokuwa, na maji yakaanza kutoka katikati ya vitufe, maji meusi, yakapita ukingo wa meza na kudondoka sakafuni yakifuata mapigo ya wimbo.

Mama alisimama. Alimshika Ketsia mkono na kumvuta nje. Hakwenda kanisani. Alikwenda bandarini, kwa Zubeda.

Zubeda, mama Lukmani, anauza ndagala, dagaa wa ziwa, kwa jumla, na baba yake alikuwa mtu wa kusomea watu wenye majini. Yeye hupenda ndagala zaidi; ya baba yake huyafanya akilazimishwa tu. Alimtazama Immaculée, akasikia mikoromo, akafunika samaki.

"Muliimba mpaka wapi?"

"Mpaka do," Ketsia alisema. "Niliongeza miye."

"Njo ile banafundishaga kule? Kuongeza?"

Zubeda alimkalisha Immaculée juu ya kreti.

"Sikia. Ile mwisho ni kiti ya ule wa maji. Batu banaimba, banafika pa mulango, banamuachia. Yeye iko anamalizia ndani ya maji, anatulia kule. Bibi zetu, ba Wabembe na sisi ba Islamu, wote tulishika vile. We ulikaa pa kiti yake. Sasa anatafuta ingine."

"Wapi?"

"Pa koo ya mama yako. Ya mwenzako alishaingia."

"Mama Lukmani, ni jini gani?"

"Unataka nimuite hapa, maji iko pale?" Zubeda alivuta kitambaa chake kichwani. "Ufungule ile ulifunga. Mbele ya maji, mbele ya balioimba. Na zile karatasi ulituma, zote zipotee. Kama moja inabakia na inaimbwa, ule mulango unabakia wazi, na atarudia kwa koo yenye alizoea. Mara ya pili hatatoka."

Henri alikataa kwanza. Alisema yeye ni shemasi, hawezi kuambia kwaya nne habari za jini. Ketsia alimwambia aende kusikiliza kifua cha Fanny. Alikwenda, akarudi akiwa mfupi wa maneno, akaandika kwenye kundi la simu la viongozi wa kwaya: Dada Ketsia alikosea kipimo cha mwisho, futeni karatasi zote, musiimbe. Ketsia alisoma jina lake pale, akangoja majibu. Nundu walijibu wamefuta. Mboko walijibu, wakaongeza kwamba walishangaa mtu wa chuo kukosea.

"Na Kazimia?" Ketsia aliuliza.

"Kule réseau ya simu ilianguka. Kama ujumbe hauwafikie, hata karatasi haikuwafikia."

"Karatasi ilitumwa mbele ya réseau kuanguka, papa."

"Unataka tungoje? Angalia mama yako."

Midomo ya mama yake ilikuwa imeanza kuwa ya rangi ya majivu. Ketsia, ambaye hurudia kusoma ukurasa mzima kwa ajili ya nukta moja, aliacha habari ya Kazimia.

Jioni, jua likiwa bado juu ya vilima, kwaya ilisimama ufukweni. Fanny aliletwa kwa pikipiki, amefungwa kwenye mgongo wa dereva kwa kitenge. Zubeda aliweka kompyuta, iliyochajiwa upya, juu ya kreti la samaki, akanyunyiza maji aliyoyasomea mchangani kuwazunguka.

"Tukinyamaza, mutageuka," alisema. "Musiangalie nyuma. Musimalizie, hata mu roho. Atawaita."

Ketsia alifuta do za tenor na bass, kisha zile za alto na soprano zilizokuwa zimeshukia ngazi ya tano. Alipofuta ya nne, kwenye ngazi ya tano ilijiandika do moja, ndefu.

Waliimba wimbo kwa sauti zilizobaki, na soprano akashika Ketsia. Walifika kwenye nota ya si. Wakanyamaza, wakayapa maji mgongo.

Hakuna aliyewahi kumwambia Ketsia kwamba kimya kinaweza kuwa na uzito. Nota ile ya si ilibaki imening'inia masikioni, ikivuta, na mwili wake wote ambao ulifundishwa tangu utoto kwamba baada ya si huja do ulianza kusukuma, koo likapanda lenyewe, na akaona mishipa ya shingo ya Henri imesimama kama kamba kwa kazi ya kutofungua mdomo, na ndipo nyuma yao, karibu, pale mawimbi yanapokatika, mama yake akamwita.

"Ketsia. Malizia, mwanangu."

Alikuwa ameshika mkono wa mama yake. Mama alikuwa hapo kando, midomo imefungwa, machozi yanashuka.

"Malizia. Iko inaniuma."

Ketsia aliuma ulimi mpaka damu. Mama alikaza vidole vyake.

Kisha ikaja, kutoka mbali, chini, katikati ya ziwa. Do. Ilikaa, ikapungua, ikaisha.

Fanny alikohoa, akatapika maji meusi, akasema neno ambalo shemasi hapaswi kusikia. Henri hakumkemea. Immaculée alivuta pumzi ndefu.

"Turudie nyumba," alisema kwa sauti ya mikwaruzo. "Na usinishike vile, siko mutoto mudogo."

Zubeda alirudi kwa ndagala zake bila kuaga mtu.

Nyumbani Ketsia alifungua wimbo. Ngazi zilikuwa nne. Mwishoni kulikuwa na alama ya kimya, na kwa mara ya kwanza haikumwasha. Uani mama alikuwa amewasha moto, anasonga bugali, na alikuwa anasema bila kupumzika, anasema moshi, anasema kuni za siku hizi, kama mtu aliyerudishiwa mali yake na anaihesabu.

Simu ililia. Ilikuwa sauti iliyorekodiwa, kutoka kwa kiongozi wa kwaya ya Kazimia.

"Dada Ketsia, salamu. Réseau iko inarudia saa hii tu. Tulishika ile karatasi yako tangu wiki jana, na sasa tunatoka kuimba pa port, mpaka mwisho, ilikuwa muzuri sana. Tunauliza tu kintu moja. Ule mama wa soprano mwenye mulitutumia, ni nani? Alianza kuimba na sisi saa ile ya do. Tunamusikia upande wa maji, na bado hajanyamaza."

Chumba kilinuka matope.

"Ketsia," mama aliita kutoka uani, "uniletee chumvi, na ile saha—"

Ketsia alisimama na simu mkononi. Mwiko ulianguka juu ya mawe. Alingoja neno liishe.