Usiulize Imepita Wapi

Ilianza na harufu. Chumba cha hadubini ya elektroni hakiruhusiwi kunuka kitu. Hata marashi huishia mlangoni. Lakini adhuhuri ile Spika, fundi wa mashine, alifungua mlango akapokewa na harufu ya mafuta ya nywele ya mkewe, aliyezikwa mwezi uliopita.

Jina la Spika alipewa na mke huyohuyo, mtafiti, maana sauti nene ya Spika ilitikisa mwale wa elektroni. "Toka, Spika! Unanishtulia elektroni zangu!" Naye hutoka akicheka, baba mzima anafukuzwa kwa ajili ya kitu kisichoonekana. Marehemu alitaka kuunda kompyuta ya mwale huo: elektroni moja ipite njia mbili kwa pamoja, skrini ichore mistari. Sharti ni moja, usiulize imepita ipi. Ukiuliza, inachagua, na mistari inafutika. Msinibane zaidi, nami nilipoelezwa niliitikia kwa kichwa tu, kama mwanafunzi anayesubiri kengele.

Sasa chumba kilikuwa kitupu, na mistari kwenye skrini ilitikisika kana kwamba inaongeleshwa.

"Mke wangu?" alinong'ona Spika, mtu asiyejua kunong'ona.

"Kaa," ikajibu sauti kutoka ndani ya mashine. "Usiulize kitu."

Akakaa. Akarudi kukaa kila siku, akasahau kula, akamsahau binti yake nyumbani, huku pampu ikinyonya hewa na baridi ikimpanda magotini, kiunoni, kifuani, na ile sauti tamu ikimbembeleza asogee, asogee tena, aweke mdomo kwenye chuma, kwani humo ndani kuna nafasi ya wawili na hakuna anayehitaji kupumua.

Binti ndiye aliyemleta shangazi yake Spika, mganga. Ubani wake ulizuiwa mlangoni. Moshi ungeharibu mashine.

"Basi mimi sina dawa," mganga akanong'ona. "Unayo wewe, mwanangu. Muulize, ni yeye au si yeye?"

"Nikimuuliza, shangazi, ataondoka."

"Usipomuuliza, utaondoka wewe. Huyu mtoto nimwambie nini?"

Spika alimtazama binti yake, akashindwa kumtazama tena. Akaigeukia mashine.

"Mama watoto… ni wewe kweli, au ni jini?"

Harufu ikakatika. Mistari ikafifia, likabaki doa moja jeupe. Na kutoka mbali, mbali sana, sauti ikalia:

"Spika wangu, hata wewe umenishuku?"