Saa ya Mashine ya Dada

Wapendwa, Maandiko yanatuonya tusimwambie ndugu "kesho" hali tendo jema limo mkononi mwetu. Rafiki yangu, fundi wa mashine za kufulia, alimwambia dada yake hivyo kuhusu mashine yake mbovu hadi dada, mgonjwa wa moyo, akafa akifua kwa mikono. Simhukumu, nani kati yetu hana "kesho" yake?

Baada ya maziko shemeji yake, mume wa marehemu, akamwita. "Saa ya mashine inagoma kwenye kuloweka, haifiki kukamua. Au nawe utaniambia kesho, bwana fundi?"

Fundi aliingia chumba cha kufulia kisicho na dirisha, akazima umeme wote, akaichomoa saa, kidude cha meno kinachopanga hatua za kufua, kwa mwanga wa tochi. Meno yake yalikuwa mazima. Vumbi tu ndilo lililoyakwamisha. Akalipuliza, kisha akazima tochi ili alie bila kuonekana.

Ndipo saa, isiyo na waya hata mmoja, ikaanza kugonga kiganjani mwake. Ikajizungusha polepole hadi kwenye kukamua, ikanyamaza. Nyuma yake, gizani, akasikia nguo nzito ikisokotwa kwa mikono, na maji ya uvuguvugu yakamdondokea shingoni.