Kadi Mbili za Chumba cha Baridi

Mlango wa chuma ulijifunga.

Mwiba akaurukia kwa bega. Haukutikisika.

Upande wa pili wa kioo kinene, Profesa alimpungia mkono. Mkono mwingine ulikumbatia mtungi wa chuma ulioweza kutosha kwenye ndoo. Glock 19 ilikuwa imechomekwa kiunoni. Mfukoni mwa koti lake jeupe zilichungulia kadi mbili: yake, na ya Mwiba.

Nyuma ya Mwiba, bomba lililong'olewa na Profesa lilitema ukungu mweupe.

Naitrojeni. Haina harufu wala haraka. Inatanda sakafuni, inaisukuma hewa nje, halafu inakungoja ulale.

Kipaza sauti kando ya kioo kilikoroma.

"Binti yangu," Profesa alisema, "nilikwambia uanachama una faida zake."

Uanachama wa kituo kile cha utafiti wa saratani haukuwa mchezo. Uombe, udhaminiwe, ujadiliwe, upigiwe kura, upangwe kwenye kikundi: cha damu, cha matumbo, cha mionzi, cha dawa. Ndipo upewe kadi. Na benki ya baridi, ambamo seli za wagonjwa zililala ndani ya matangi, haikufunguka kwa kadi moja. Ilitaka kadi za wanachama wawili wa vikundi viwili tofauti, kuingia na kutoka. Kanuni hiyo waliitunga watafiti wenyewe, kwa kuwa walijuana vizuri.

Profesa alihitaji mtu wa kikundi kingine, mgeni, asiye na marafiki. Akamdhamini Mwiba. Akamsifu mbele ya kamati mpaka Mwiba akaona haya. Profesa hakujua kwamba idara ya ujasusi ilimpandikiza Mwiba pale ili achaguliwe na mwizi.

Mpango ulikuwa kumnasa akitoka. Mwiba hakutarajia kuelekezewa bastola wakiwa bado ndani, wala kunyang'anywa kadi. Alijilaani kimoyomoyo.

Ndani ya mtungi ule mlikuwa na mfuko mmoja wa seli. Zilitolewa kwenye damu ya mgonjwa wa wodi ya juu, zikafundishwa maabara kuitambua saratani yake na kuiua. Wageni wenye pesa walizitaka ili waibe ujuzi. Mgonjwa alipaswa kurudishiwa mchana huo, na dawa zilikwisha kufyeka kinga yake yote ili kuzipisha. Hazikuwa na mbadala. Zikipotea, basi tena.

Mgonjwa huyo alikuwa mama mdogo wa Mwiba. Ndiye aliyemlea.

"Usichanganye damu na kazi," mkuu wake wa idara alimwonya. Redioni aliitwa Mjomba, ingawa hakuwa mjomba wa mtu. Mwiba alimjibu kuwa wezi ndio walioanza kuchanganya.

Sasa Profesa alisimama katika chumba cha kati, kidogo kama lifti, akingoja. Mlango wa nje haukubali kadi mpaka hewa ibadilishwe na taa nyekundu igeuke kijani. Nje yake kulikuwa na uwanja wa kupakulia mizigo. Pale ilinguruma Land Cruiser nyeusi yenye namba za kibalozi. Mtungi ukiingia mle, hakuna askari mwenye ruhusa ya kuugusa.

Kichwa kilianza kuwa chepesi.

Juu. Hewa iko juu!

Mwiba alipanda rafu za chuma, vidole vikiganda, mpaka kwenye tundu la hewa karibu na dari. Pale saa yake ya Casio, iliyotiwa redio na mafundi wa idara, ikapata mawasiliano.

"Mjomba, hapa Mwiba. Nimefungiwa ndani. Mzigo unatokea mlango wa nyuma."

"Niko ukumbini, mkutano wa wanachama. Vijana wako lango kuu. Hatuwahi."

"Katibu wa uanachama yupo?"

"Yupo mbele yangu."

"Anifute. Sasa hivi. Nataka kadi yangu ife."

Mjomba alishusha sauti.

"Ikifa, na wewe hutoki. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Binti..."

"Mpe redio, Mjomba."

Katibu alikuwa mama mwenye sauti ya asali na utaratibu wa chuma.

"Daktari! Mbona hatukuoni mkutanoni?"

"Mama, najitoa uanachama. Futa jina langu."

"Haa! Na leo ndiyo tumekuthibitisha uanachama wa kudumu! Hata mmoja hajakupinga!"

"Futa!"

"Sababu? Mfumo haunipitishi bila sababu. Kuhama, kustaafu, kifo..."

"Weka afya!"

"Jamani, pole. Unaumwa nini?"

"Mama! Futa!"

Taa iligeuka kijani.

Profesa aligusisha kadi zote mbili. Akashika komeo.

Kimya.

Akagusisha tena. Taa ikarudi nyekundu, ikabaki hivyo.

Aligeuka taratibu. Mchimba kisima alikuwa amekiingia mwenyewe, nyuma yake mlango na mbele yake mlango.

"Umefanya nini?"

"Nimejiuzulu," Mwiba alisema kutoka juu ya rafu.

"Mwiba, Mwiba!" Mjomba aliita redioni. "Natafuta wawili wa vikundi tofauti waje kufungua. Vumilia!"

Profesa alisikia. Akacheka mpaka akakohoa.

"Kwenye kituo hiki? Atawapata wapi wawili wanaosalimiana?"

Mwiba hakucheka. Alijua ni kweli.

Nje, Land Cruiser ilirudi nyuma, ikageuza, ikaondoka. Wageni hawakuwa watu wa kungoja. Profesa aliitazama kupitia kidirisha mpaka ikapotea, na kicheko kikamwisha. Akauweka mkono juu ya kizibo cha mtungi; seli zikipata joto, zimekufa.

"Basi tukose wote."

Mwiba aliogopa. Aliogopa kama mtoto, na hakuona haya. Miguu haikuwa na hisia tena, ukungu ulikuwa umefika rafu ya pili, na kizibo kilikwisha kuzungushwa nusu. Jasusi hatoi jina la ndugu yake. Lakini hakubakiwa na silaha nyingine.

"Hizo seli ni za mama yangu mdogo," alisema. "Kanilea yeye."

Mkono ukasimama.

"Kwa hiyo umejifungia humo makusudi," Profesa alisema polepole. "Ufe wewe."

"Ndiyo."

Profesa alimkodolea macho. Tangu apate uprofesa hajawahi kumwachia mtu hata nafasi ya kuegesha gari. Mkono ulikuwa bado juu ya kizibo pale sauti zilipozuka nje.

"Tangulia wewe."

"Wewe ndiye mpenda kutangulia. Hata kwenye makala jina lako lilitangulia!"

Bingwa wa damu na bingwa wa matumbo. Walinuniana kwa miaka juu ya makala ileile. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Ila leo kunguru alikuwa tunduni.

"Gongeni kadi," Mjomba alinguruma, "kabla sijawagonga nyinyi!"

Mlango wa nje ukafunguka. Profesa akachomoa Glock. Mjomba akampiga kifundo cha mkono kwa kitako cha bastola yake. Mtungi ukaponyoka.

Bingwa wa damu akajitupa chini. Akaudaka.

"Uko salama?" bingwa wa matumbo aliuliza, akimshika mwenzake bega. Lilikuwa neno la kwanza jema kati yao baada ya muda mrefu.

Waligonga kadi kwenye mlango wa ndani bila kubishana. Mwiba aliporomoka kutoka rafuni, akaangukia mikononi mwa Mjomba, akavuta hewa kwa pupa.

Mchana, mlangoni pa wodi, muuguzi alimzuia.

"Huku ni wanachama wa kituo na ndugu tu. Wewe ni mwanachama?"

"Nilikuwa," Mwiba alisema. "Mimi ni mtoto wake."

Mama mdogo alikuwa amekonda, kichwa kitupu. Juu yake mfuko ulining'inia, ukidondoka tone baada ya tone. Alimjua Mwiba kama muuza bima.

"Mikono yako mbona barafu hivi?"

"AC ya kazini, mama."

"Waambie watakuja kuua mtu."

"Nimeshawaambia."

Saa ya Casio ilikoroma. "Mwiba, una safari. Gari liko chini."

Mwiba aliizima. Akaushika mkono wa mama yake mdogo mpaka mfuko ukabaki mtupu. Ndipo alipombusu kwenye paji la uso, akavaa miwani yake ya jua, akashuka ngazi bila haraka.