Mzigo wa Kiti cha Nyuma

Watu wakitaka kutishana husema mambo haya hutokea usiku. Waongo. Yaliyomfika Shamsudin wa Kibokoni yalimfika mchana kweupe, jua linachoma mabati, watu wanakula maembe mabichi ya pilipili njiani. Na aliyemletea alikuwa ndugu yake, Ziad.

Ndugu wa kunyonya, lakini ndugu. Mamake Ziad alishikwa na homa siku aliyojifungua, mamake Shamsudin akakitwaa kile kitoto akakipa ziwa moja, la pili akampa wake. Wakakua hivyo, huyu akigombezwa yule analia. Shamsudin na mkewe Afaf walipokaa miaka na miaka bila mtoto, na jamaa wakaanza kumnong'oneza Shamsudin aongeze mke, Ziad ndiye aliyewafunga midomo. Na Abrar alipozaliwa, wallahi Ziad alilia kuliko baba mtu. Abrar sasa yuko darasa la pili. Hajui kutembea mtoto yule, yeye ni mbio tu, ngazi za nyumba hazigusi zote. Ukimtoa Abrar katika nyumba ile umebakisha kuta.

Basi Jumamosi moja Shamsudin yuko barazani na kahawa yake, hajafungua bado duka lake la vitasa na makomeo, Ziad akatokea na gari. Ile ile saluni yake nyeupe ya gia za otomatiki, kuukuu, rangi imekwajuka kwa chumvi ya bahari. Akazima, akashuka, akasema ni hidaya, Abrar asihangaike tena na tuktuk kwenda skuli. Wazee wa barazani wakaanza kejeli zao, kwamba kama magari yanagawiwa hivi, wao pia wana wajukuu wanaosoma. Ziad hakucheka. Alikuwa amekonda, macho mekundu, na haikuwa ajabu, kwa sababu mwanawe Muhdhar alikuwa kitandani tangu Ramadhani, miguu haimchukui, na madaktari wamepima hawakuona kitu.

Shamsudin akamuuliza hali ya mtoto. Ziad akajibu, alhamdulillahi, leo ameamka. Kisha akamnyoshea ufunguo, lakini hakuuachia.

"Pokea kwa mdomo," akasema. "Sema, nimeipokea na vyake vyote."

Na sisi watu wa pwani tunavyopenda maneno ya kupeana! Hatupokezani hata bakuli la kaimati bila dua mbili tatu. Shamsudin akadhani vyake vyote ni jeki na tairi la akiba. Akacheka, akasema, "Nimeipokea na vyake vyote, ndugu yangu. Mungu akujaze." Ziad akauachia ufunguo, akaondoka kwa miguu kuelekea Bondeni, na hakugeuka nyuma hata alipoitwa arudi anywe kahawa.

Siku za mwanzo gari ilikwenda vizuri. Kisha ikaanza vituko. Shamsudin anakanyaga mafuta, injini inalia, inalia, na gia haipandi. Gari inajikokota kama imepakia harusi nzima na masufuria yao. Mara gia inaingia kwa kishindo, kichwa kinamrudi nyuma. Akienda hivyo mpaka Makadara, magari yote yanampigia honi. Kesho yake, laini kabisa, huwezi kujua gia imebadilika saa ngapi. Keshokutwa, yale yale.

Akaipeleka Shimanzi kwa fundi Kyalo, Mkamba mmoja mpole aliyekuja mjini kutafuta kazi ya bandari akaishia kufungua gereji nyuma ya maghala. Kyalo akachomoa kijiti cha oili ya giaboksi, akapangusa kwa kitambaa cheupe, akanusa. Nyekundu, safi, hainuki kuungua. Akachomeka kompyuta yake ya kupimia, haikuonyesha kosa. Akasafisha nyaya, akafungua akabadilisha valvu zinazoamrisha gia, akaangalia na breki kama zinashika. Gari ikatoka pale inateleza, na kabla ya kufika Kibokoni imekwisha kukataa.

Kyalo akamwambia kwamba kasoro ya kuja na kuondoka ndiyo mbaya, maana fundi hawezi kuishika mpaka imkubalie. Akamtaka aache kuhesabu inapoharibika. Atazame inapokuwa nzima, na atazame nani yumo ndani.

Shamsudin akarudi, akatazama, na jibu likamjia lenyewe, akacheka peke yake kwenye usukani. Abrar akiwa ndani, gari haina neno. Abrar akishuka, gari inakataa. Akamsimulia Afaf, Afaf akacheka mpaka akashika mbavu, akasema basi mwanao ndiye dawa ya gari. Likawa neno la nyumbani. Shamsudin akienda sokoni, Abrar twende. Akienda kuchukua mzigo wa bawaba, Abrar twende. Na Abrar naye hakuna akipendacho kama kuchungulia dirishani, anapanda nyuma, anakaa upande wake, na gia zinapanda moja baada ya moja bila tabu. Hivyo ndivyo Shamsudin alivyokuwa akimpeleka mwanawe kwa mkono wake, na akicheka.

Ikapita mwezi. Abrar akaanza kupanda ngazi moja moja. Kisha akawa anashika ukuta. Afaf akamsugua miguu kwa mafuta ya habasoda, akasema ni kurefuka huko, watoto huumwa mifupa wakirefuka.

Siku moja wametoka skuli, saa za adhuhuri, Shamsudin amekwisha kuegesha, Abrar hashuki. Amekaa tu. Akasema kwa sauti ndogo, "Baba, huyu aniegemea sana."

"Nani?"

"Huyu. Miguu yake haina nguvu."

Shamsudin akageuka. Hapakuwa na mtu. Akamwambia aache mchezo, njaa hiyo. Lakini kesho yake akamketisha mbele, kando yake, akamfunga mkanda mwenyewe. Wakaenda. Gia zikapanda vizuri. Akamuuliza kama sasa amestarehe, kama hakuna anayemwegemea.

Abrar akatikisa kichwa. "Amenipanda mapajani."

Baba mtu alimfikisha skuli, akamtazama akivuka lango kwa hatua za bibi kizee, akaipeleka gari moja kwa moja Shimanzi. Peke yake sasa. Na gari ilikataa njia nzima.

Kyalo aliposikia injini inavyolia kutoka mbali alitupa spana chini. Akaendesha yeye, akazunguka ghala mara moja, akarudi anakuna shingo. Akasema giaboksi haina ugonjwa. Gia za otomatiki hungojea gari ipate mwendo ndipo zipande, na gari yenye mzigo huchelewa. Hii inafanya kile kile inachotakiwa kufanya. Inajiona imebeba. Shamsudin akafungua buti. Tupu. Wakaangalia mpaka chini ya mazulia.

Jirani na gereji palikuwa na ghala lenye mizani ya malori, ile ya kupanda juu yake na gari zima. Karani wake, Kingi, alikuwa rafiki wa Kyalo. Wakaipandisha saluni pale, wakashuka wote wawili, wakasimama kando kwenye jua. Kingi yuko juu katika kijumba chake cha kioo. Akasoma, akafungua dirisha.

"Imezidi kidogo uzito wa gari tupu," akasema. "Mwambieni na mtoto wa nyuma ashuke."

Kyalo akamtazama Shamsudin. Shamsudin akamtazama Kyalo.

"Hakuna mtoto," Kyalo akasema.

"Huyo aliyelaza kichwa kiooni."

Lori likapita nyuma yao na kontena lake, ardhi ikatetemeka. Shamsudin akaenda. Akafungua mlango wa nyuma. Kiti kitupu. Lakini upande wa kulia, upande ambao Abrar hakai, mto wa kiti ulikuwa umebonyea. Akatia mkono. Palikuwa na baridi, na kwenye jua lile chuma cha mlango kilikuwa kinaunguza. Juu, Kingi alikuwa amekwisha kufunga dirisha.

Kyalo hakuipanda tena gari ile. Alisimama mbali, akauliza kwa sauti ya chini, "Bwana Shamsu, hii ulipewa na nani?"

Shamsudin akaenda Bondeni. Njiani hakuwaza shetani wala jini. Alimuwaza Ziad alivyong'ang'ania ufunguo, alivyomtaka atamke. Alikuwa akijiambia haiwezekani. Alijiambia hivyo mpaka alipoingia uchochoro wa nyumba ya Ziad na kukuta watoto wanacheza mpira, na aliyekuwa mbele yao wote, jasho linamtoka, anapiga chenga kama hajapata kuumwa hata kichwa, ni Muhdhar.

Ziad alikuwa mlangoni. Alipomwona tu, akatia mikono yote miwili nyuma ya mgongo. Mkewe akachungulia, na yeye akaficha mikono chini ya leso. Walikuwa wamekwisha kuzoeshana, nyumba nzima, kwamba akija huyu wasipokee kitu.

Shamsudin akamnyoshea ufunguo. Haukupokewa. Akauliza kimetiwa nini katika gari.

Ziad akasema yote, tena upesi, kama mtu aliyengoja kuulizwa. Muhdhar alikuwa akicheza katika nyumba moja mbovu iliyohamwa, akarudi na mwenzake ambaye hawakumwona. Mwenzake huyo hana miguu ya kumchukua, hubebwa. Mganga alisema hafukuzwi, hupewa mtu, na mtu huyo sharti apokee kwa ulimi wake mwenyewe. Na mtu baki hafai. Awe amenyonya ziwa moja na mtoaji.

"Katika ndugu zangu wa kunyonya, wa kunipokea bila kuuliza ni wewe tu," Ziad akasema. "Ningempa nani?"

"Una Muhdhar. Mimi sina Abrar?"

"Nilidhani atakaa garini."

"Ulidhani?"

Ziad akainamisha kichwa. Akasema mganga alimwonya. Kwamba kiumbe yule hukaa garini kwa muda tu, na akishamzoea mtoto, gari hana haja nayo tena.

"Na ulijua nampakia mwanangu," Shamsudin akasema. "Wewe ndiwe uliyesema ni kwa ajili ya Abrar." Akamnyoshea tena ufunguo. "Ungalikuja ukaniambia, Ziad. Wallahi ningalikusaidia kumbeba."

Ziad alilia, lakini mikono yake ilibaki nyuma. Hilo ndilo lililomuua Shamsudin, maana machozi ya yule aliyajua, aliyaona siku ya kuzaliwa Abrar, na leo hakuweza kujua yapi yalikuwa ya kweli. Akautupa ufunguo kizingitini. Ukalala pale. Mke wa Ziad akausukumia nje kwa ncha ya kijiti cha ufagio.

Akauokota. Akapanda gari, akaondoka. Akakanyaga mafuta, na gia ya pili ikaingia. Laini. Ya tatu ikaingia. Gari nyepesi, inateleza, kama siku ilipotoka kiwandani. Moyo wake ukafurahi kabla ya akili. Kisha akakumbuka yuko peke yake ndani.

Akageuka akatazama kiti cha nyuma. Mto wa kiti haukubonyea tena, umejaa sawasawa.

Saa hizo skuli zimetoka, na Abrar amekwisha kurudi nyumbani kwa tuktuk.

Hakumbuki alipoiacha gari. Alikimbia vichochoro vya Kibokoni anawagonga watu, haombi hata radhi. Mlango wazi. Ngazi. Afaf alikuwa chumbani, kitambaa kimemtoka kichwani, amemshika Abrar chini ya makwapa. Anamvuta. Anamvuta na mtoto hanyanyuki. Kitoto kile kinachobebwa kwa mkono mmoja. Shamsudin akaongeza nguvu zake. Kitanda kikalia. Abrar hakusogea.

"Polepole," Abrar akanong'ona. "Mwamuumiza."

Mpaka leo yuko kitandani. Hospitali wamempima wakasema mtoto mzima, ukifika wakati wake atatembea. Gari Kyalo aliifungua akaikata, hakuna kipande alichokiuza, na giaboksi anasema ni nzima kabisa. Ziad hajakanyaga Kibokoni, na wazee wa barazani hawamtaji. Ile njia ya Ziad, Shamsudin naye anaijua sasa. Mamake aliwanyonyesha wengine, na wengine wana watoto. Afaf amemwambia kwamba siku atakayomtafuta mtoto wa mtu, asirudi nyumbani. Hakuwa na haja ya kumwambia.

Siku moja baada ya alasiri Shamsudin amekaa pembeni ya kitanda, anamlaani kimoyomoyo yule asiyeonekana. Abrar akafumbua macho. Akamwomba mto mwingine, auweke pale kando yake.

"Wa nini, mwanangu?"

"Huyu analia kila siku. Ami Ziad alimwambia aingie garini, wanakwenda matembezini, kisha watarudi kwa Muhdhar."

Shamsudin akainuka, akaenda chumbani kwake, akaleta mto wake mwenyewe.

Kila asubuhi Afaf huipandisha darini mito miwili ya kitanda kile, kuianika. Wa Abrar huwa mkavu. Ule mwingine hutoka umelowa katikati, na jua likishaukausha, hubakia alama nyeupe ya chumvi.