Aliyeogelea Chini ya Shemeji

Haya yalimpata shemeji yangu Arnold, mume wa dada yangu Jovia, na kabla hujamhurumia ngoja nikuambie alivyokuwa. Alijifunza kuogelea kwenye bwawa la hoteli moja Tororo, maji ya buluu yenye dawa, na tangu hapo akatuona sisi wa Majanji washamba. Tumezaliwa ziwani, lakini kwake tulikuwa watu wa kulowa tu.

Jumapili moja baada ya kanisa alileta mitumbwi ya plastiki na wageni kutoka Busia mjini. Jua lilikuwa zuri, muziki unapigwa. Akatangaza mashindano: kuogelea mpaka kwenye mwamba ulio mbele ya ufuko, na kurudi.

Mama Nasirumbi, anayeanika mukene, wale dagaa wetu, alimwita pembeni akamwambia polepole, "Pale hatuogelei, mwanangu. Pale kuko mwenyewe."

Arnold alimtazama kuanzia kilemba hadi miguu yenye magamba ya samaki. Akawaambia wageni kwamba ndiyo maana kijiji hiki hakiendelei. Wakacheka. Lakini mama yule hakucheka, na walipoliona hilo hakuna aliyegusa maji. Arnold akawasonya, akaingia peke yake.

Alikwenda vizuri, siwezi kumnyima hilo. Akafika kwenye mwamba, akageuka. Katikati ya njia akaacha kupiga mikono. Akaelea, uso majini, ametulia. Tukadhani anaringa.

Kisha tukaona anasogea. Mikono haiendi. Miguu haiendi. Anasogea tu, kurudi kule kwenye mwamba.

Mangeni, mvuvi aliyekuwa akishona nyavu zake, akasukuma mtumbwi, akamfuata. Ilibidi amvute kwa nguvu zote, kama mtu anayeng'oa muhogo. Arnold alikuwa hai. Macho wazi. Hakutapika hata tone la maji.

Jioni ndipo alipomnong'oneza dada yangu. "Chini yangu kulikuwa na mtu. Amelala chali, uso kwa uso na mimi. Kila mkono nikipiga, naye anapiga. Anacheka, Jovia. Anacheka na hatoi mapovu."

Wakahamia Kiyeyi, mbali na ziwa, kulima mtama. Haogi tena, hujipangusa kwa kitambaa kikavu. Bwana mkubwa wa bwawa la hoteli sasa ananuka kuliko wavuvi wote. Mwezi uliopita niliwatembelea, na safari nzima nilikuwa nikichagua maneno ya kumkejeli.

Sikuyatumia. Jovia alingoja mumewe aende shambani, akanivuta chumbani. Godoro lilikuwa kavu juu, bado lina joto la mwili wa Arnold. Akaliinua.

Upande wa chini ulikuwa umelowa. Mabega. Mikono iliyotandazwa. Paji la uso, pua, mdomo ulioachama, vyote vimejikandamiza kutoka uvunguni.

Niliinama kutazama. Sakafu ilikuwa kavu, imefagiliwa. Nikagusa pale penye mdomo. Palikuwa baridi, na vidole vyangu vikatoka na mchanga mweupe wa ziwani.