Jiwe Lililojibu

Mwalimu alitia sukari kwenye chai ya mumewe, akakoroga, na glasi haikulia. Kijiko kilizunguka ndani kikigonga huku na huku, lakini sauti iliyotoka ilikuwa puk, puk, kama mtu anayegonga ukuta wa udongo kwa kidole. Mwalimu hakujali. Alisema glasi za siku hizi ni za ovyo, akamsogezea mumewe chai, akatoka kwenda kuanua nguo. Mumewe ndiye aliyebaki akiitazama glasi, maana sauti hiyo alikuwa ameshaisikia mara moja, na alikuwa ameapa moyoni kwamba hatamwambia mtu. Kabla chai haijapoa, glasi ilipasuka yenyewe mezani.

Mume huyu mtaa mzima ulimwita Fundi Jumapili. Siku za kazi alikuwa karani wa ofisi ya maji, shati limepigwa pasi na kalamu iko mfukoni. Siku za mapumziko alivaa aproni iliyolowa oili, akajifungia kwenye banda lililoegemea ukuta wa jikoni. Humo alikuwa na mashine ya kukereza chuma, kuukuu lakini imepanguswa ikang'aa, jiliwa la kubania vyuma lililofungwa kwenye meza nzito ya mbao, tupa za kusugulia chuma zilizopangwa ukutani kwa ukubwa, na mashine ya umeme ya kunolea yenye jiwe la duara. Hakuuza chochote. Alikereza vishikizo vya milango, vinara vya mishumaa na pia za kuzungusha za watoto wa jirani, na ukimsifia kinara kimoja ulipewa viwili pamoja na hotuba ya bure. Majirani walimtania kwamba ana wake wawili, na yule mdogo anakunywa oili.

Sasa, jiwe la kunolea lina ada yake, na kila anayecheza na chuma anaijua. Kabla hujalifunga kwenye mashine, unalitundika kidoleni, unaligonga taratibu kwa mpini wa bisibisi, unasikiliza. Jiwe zima hulia kama kengele. Jiwe lenye ufa, hata ufa usioonekana kwa macho, hujibu puk. Hilo unalivunja kwa nyundo na kulitupa, maana likizunguka kwa kasi litapasuka, na vipande vyake havichagui pa kwenda.

Fundi Jumapili alikuwa ameliangusha lake sakafuni asubuhi moja ya mapumziko. Aliliokota, akalitundika, akaligonga. Puk. Duka la vifaa lilikuwa limefungwa, na shemeji yake, mdogo wake Mwalimu, alikuwa njiani kuja kuiona karakana aliyotambiwa miezi mingi. Fundi aliona haya kumwonyesha shemeji mashine isiyo na jiwe. Akajiambia labda amegonga vibaya, akalifunga. Mchana ule shemeji alichukua kisu cha jikoni cha dada yake ili akinoe, akiwa anacheka, na jiwe likapasuka usoni mwake.

Msibani watu walimshika Fundi mkono wakamwambia ajali haina kinga. Naye aliitikia kwamba kweli, ajali haina kinga. Aliyemfariji kuliko wote alikuwa mkewe, na hilo ndilo lililomtafuna zaidi. Mwenye kufiwa alikuwa akimbembeleza aliyemfisha, akimfuta machozi kwa ncha ya khanga yake, akimwambia asijilaumu.

Baada ya glasi likafuata bakuli la kaure, kisha mfuniko wa sufuria, kisha beseni. Kila kimoja kilianza kwa kupoteza mlio, na baada ya saa au siku chache kikapasuka. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma, lakini debe la nyumba ile liliacha. Mwalimu alilipiga teke kwa bahati mbaya uani, nalo likabingirika kimya kama gunia la unga. Nyumba nzima ilinuka jiwe lililoungua, ile harufu kavu inayokaa nyuma ya koo.

Fundi alikwenda kununua jiwe jipya, akijifanya kwamba shida yake ni jiwe tu. Dukani alilitundika, akaligonga, likalia vizuri mpaka mteja wa pembeni akageuka. Alipofika bandani akaligonga tena. Puk. Akalirudisha dukani, likalia. Akabeba jingine.

"Mzee," muuza duka alimwambia aliporudi na hilo pia, "jiwe unalinunua au unaliposa?"

Fundi alicheka kwa sababu watu walikuwa wanamtazama. Siku hiyo alijua kwamba mawe hayana kosa. Jioni yake alikuwa akikereza kipande cha shaba, kikamponyoka kikaanguka kwenye saruji kama donge la tope, akazima mashine akasimama pale pale asithubutu kugeuka, kwa kuwa nyuma yake, mezani, kulikuwa na kitu kinachogonga tupa zake moja baada ya nyingine, kinagonga, kinanyamaza kusikiliza, kisha kinahamia kwenye nyingine.

Halafu ikaja zamu ya sauti ya mkewe.

Mwalimu alifundisha watoto wadogo, na sauti yake ilikuwa mali. Alikuwa na uwezo wa kumwita mtoto aliye mwisho wa uwanja bila kusimama kwenye kiti. Sasa watoto wa nyuma walianza kusema hawamsikii. Sauti haikukauka wala haikukwaruza. Ilitoka tu bila mlio, ikaanguka karibu na miguu yake. Hospitalini walimpima kifua wakasema ni kizima, apumzike. Asubuhi moja, akifunga vifungo mbele ya kioo, mumewe aliona alama ya bluu katikati ya kifua chake, ya duara, ukubwa wa kifundo cha kidole.

"Nimejigonga wapi mimi?" Mwalimu alinong'ona.

"Labda kwenye kabati," Fundi alijibu, naye akajichukia.

Alasiri ile mkewe alilala kidogo, naye akakaa kando ya kitanda akimlinda bila kujua anamlinda dhidi ya nini, na haukupita muda akakisikia kikianza bandani, kwenye mashine ya kukereza, puk, kikavuka jikoni kikigonga ukuta, mlango, fremu ya picha, kila mara kikinyamaza kidogo kusubiri jibu, kikaingia chumbani bila mlango kufunguka, na ile harufu ya jiwe ikamjaa puani mpaka macho yakamtoka machozi, kikagonga chuma cha kitanda karibu kabisa na mkono wake, kikanyamaza muda mrefu kuliko kawaida, kisha kikagonga tena, taratibu sana sasa, kama anavyogonga mtu anayejua kwamba anachokigonga ni nyama, na midomo ya Mwalimu ikacheza usingizini, na kutoka ndani ya kifua chake ikatoka puk.

Kesho yake Fundi alimleta mganga, mwanamke wa makamo mwenye kikapu na haraka zake. Alizunguka vyumba vyote akinusa, akaishia bandani, akafunga mlango.

"Nani alianza kugonga humu ndani?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Sijakuelewa, mama."

"Jini hili halikuvamia. Linaiga. Linagonga, linasikiliza. Nani alilifundisha?"

Fundi alishika meza. Kwa mara ya kwanza alisema, akinong'ona, habari ya jiwe na bisibisi na ile sauti.

Mganga alitikisa kichwa. "Basi lilikuwa limekaa ndani ya jiwe hilo. Uliliuliza swali, likakujibu kweli tupu, wewe ukalifanya mwongo. Sasa linauliza kila kitu cha nyumba hii, na kila kitu kinajibu vile vile. Litaendelea mpaka jibu litoke kinywani mwako mbele ya mkeo."

"Huna dawa yoyote?"

"Ubani ninao kikapuni. Naweza kufukiza mpaka tukohoe sote. Nalo litakohoa, halafu litaendelea. Mficha maradhi kifo humuumbua, na safari hii kifo chenyewe hakitakuwa chako."

"Nikimwambia atanichukia."

"Atakuchukia akiwa hai," mganga alisema, akachukua kikapu chake.

Fundi alimkuta mkewe ameketi kitandani akisahihisha kazi za wanafunzi. Alikaa miguuni pake. Alikuwa ameandaa maneno mengi, lakini yaliyotoka yalikuwa machache.

"Mke wangu, lile jiwe lilikuwa na ufa. Niliposikia mlio wake nilijua. Nikalifunga hivyo hivyo."

Mwalimu aliweka kalamu chini. Hakulia. Jikoni kitu kiligonga kabati, kikanyamaza.

"Ulijua kabisa?"

"Nilijidanganya kwamba nimegonga vibaya. Nisamehe. Ilikuwa haya ya kijinga."

Alisubiri nyumba itulie. Alidhani amemaliza. Lakini kile kitu kiligonga mlango wa chumba, kikagonga kiti, kikaja mpaka ukingoni mwa kitanda, kikasimama kati yao wawili na harufu yake, na Fundi akaona mkewe akishika kifua kama mtu aliyekosa pumzi.

Mwalimu aliongea kwa shida, sauti imezama. "Kila nikikuletea chai bandani, unaniambia nisimame pembeni jiwe linapoanza kuzunguka. Hata kama umelifunga mwenyewe, hata kama ni jipya. Siku ile, ulipoliwasha, wewe ulisimama wapi?"

Hilo hakumwambia hata mganga. Hilo alikuwa amelifukia chini kabisa, chini ya jiwe na bisibisi na yale machozi ya msibani, akitumaini kwamba hakuna mtu duniani mwenye akili ya kuliuliza.

"Pembeni," alisema.

"Na mdogo wangu?"

"Mbele ya jiwe."

"Hukumwambia asogee?"

Kitu kiligonga mbao za kitanda, kikasubiri.

"Sikumwambia," Fundi alisema. "Ningemwambia, angeuliza kwa nini."

Palepale harufu ilikatika. Upepo mdogo uliwapita ukatokea jikoni, na huko sufuria zote, vijiko vyote, hata tupa zilizokuwa bandani, vililia kwa pamoja mara moja, safi, kisha vikatulia. Mwalimu alivuta pumzi ndefu mpaka mabega yakainuka. Alimtazama mumewe kama anavyotazamwa mtu aliyekosea nyumba. Akachukua simu yake, akaenda sebuleni, akafunga mlango.

Fundi alibaki ameketi. Kwa majuma mengi alikuwa ameomba jambo moja tu, sauti ya mkewe irudi, na sasa ilikuwa imerudi. Ilijaa nyumba yote, ikapenya mlango na ukuta bila kupungua.

"Mama," Mwalimu alikuwa akisema, "uko na nani hapo? Mwambie akae karibu nawe. Nawe keti kwanza, mama. Ni habari za mwanao."

Fundi alisikia kila neno.